Siku Moja Katika Nchi Kame ya Natron: Mwongozo Kamili wa Kutalii na Kutembelea Marafiki kwa Gari Kutoka Arusha

Mtu anayeondoka Arusha alfajiri kwenda Ziwa Natron na kurejea usiku wa siku hiyohiyo hurudi akiwa amekitazama kioo cha gari kuliko alivyolitazama ziwa. Kwenda tu ni zaidi ya kilomita 200, na sehemu kubwa ya nusu ya pili ya safari hupita katika changarawe, mchanga na vumbi laini kama unga wa sembe, ambamo mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni mwendo wa kujivunia. Zaidi ya hapo, ikiwa njiani unao marafiki, watasikia kwamba gari lako limepita bila kusimama, na maelezo utakayotoa baadaye hayatakubalika.

Mpango ninaoupendekeza hapa ni wa siku moja kamili ya matembezi, yenye usiku mmoja kabla yake na usiku mmoja baada yake. Kanuni inayouongoza ni hii: vivutio hutazamwa asubuhi na jioni, na marafiki hutembelewa mchana, jua likiwa utosini. Wasafiri wengi hufanya kinyume chake. Huwasalimu wenyeji asubuhi wakiwa wamesimama, injini ikiunguruma, kisha hufika ziwani saa saba mchana, wakati ambapo weupe wa magadi huumiza macho, ndege wanaonekana kama mvuke unaotetema, na mti wa kujikinga haupo. Saa hizohizo wenyeji wako kivulini, ng'ombe wako malishoni, na hakuna mwenye haraka.

Nchi yenyewe si jangwa kwa maana ya Sahara. Ni nusu jangwa, yenye migunga, majani makavu na makorongo yasiyo na maji kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hata hivyo mwili hautofautishi. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na Ziwa Natron liko kwenye mita 600 hivi, kwa hiyo unashuka takribani mita 800 kutoka kwenye baridi ya Meru hadi kwenye sakafu ya Bonde la Ufa. Watu wa Moshi, ambao tumezoea kujisifu kuwa tunalijua joto, huko huwa tunanyamaza.

Kuchagua wakati

Miezi inayofaa ni kuanzia Juni hadi Oktoba. Masika, yaani Machi hadi Mei, si wakati wa safari hii, na sababu yake si matope peke yake. Mvua ikinyesha kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, maji hushuka ukuta wa bonde na kuingia katika makorongo yaliyokuwa makavu, na yanaweza kulifikia gari lako chini ya anga isiyo na wingu. Ukikuta korongo linapitisha maji ya rangi ya chai ya maziwa, simama ukingoni, zima gari na usubiri. Mara nyingi maji hupungua baada ya saa chache. Dereva anayejaribu kuvuka kwa sababu lori limevuka huwa hajauliza lori lile lina uzito gani. Vuli, Novemba na Desemba, hupitika katika miaka mingi, lakini mpigie simu mwenyeji siku moja kabla na umuulize habari za makorongo, kwa sababu yeye ndiye anayejua.

Gari

Gari lifae kuwa refu kutoka ardhini na lenye mvuto wa magurudumu yote manne. Yapo mabasi ya kwenda Loliondo yanayopita njia hii, na mtu asiye na gari anaweza kuyatumia hadi kijiji cha Engaruka, au hadi Engaresero, kijiji kilicho karibu na ziwa, lakini hapo siku yake itapangwa na ratiba ya basi wala si na mwongozo huu.

Katika mambo yote ya gari, matairi ndiyo yatakayoamua siku yako. Miiba ya mgunga hupenya tairi lililochoka, na mawe ya volkano yana makali. Beba matairi mawili ya akiba ikiwezekana. Ukiwa na moja tu, beba pia vifaa vya kuziba pancha na pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye gari. Kisha fanya jambo ambalo nililijifunza kwa gharama: kabla ya kuondoka mjini, chukua spana iliyomo ndani ya gari, ilegeze nati moja ya kila gurudumu kwa mkono wako mwenyewe, na uikaze tena. Mwaka fulani tulikodi gari kutoka kampuni moja ya mjini, tukaonyeshwa tairi la akiba zuri, jipya, na jeki ya kutosha. Pancha ilipotupata katikati ya Selela na Engaruka, tuligundua kwamba spana iliyokuwemo ilikuwa ya gari jingine. Ilizunguka juu ya nati kama kijiko ndani ya kikombe. Tulikaa chini ya mti kwa saa tatu hadi lori la mchanga lilipopita, na dereva wake, baada ya kutukopesha spana, hakutaka fedha; alitaka tu kusikia tena namna tulivyokodi gari bila kujaribu spana, na kila aliposikia alicheka upya. Chini ya jeki pia weka ubao mnene, kwa sababu kwenye mchanga jeki huzama badala ya kuinua.

Mafuta yajazwe Arusha na kuongezwa Mto wa Mbu, kwa kuwa mbele ya hapo si busara kutegemea sheli. Maji ya kunywa ninahesabu lita tano kwa kila mtu kwa siku, na dumu la lita 20 la pembeni kwa ajili ya rejeta, kunawa na dharura. Beba beleshi, kamba imara ya kuvutia gari, tochi, dawa za huduma ya kwanza, kofia, na nguo nyepesi za mikono mirefu. Pakua ramani kwenye simu ukiwa bado mjini, kwa sababu mtandao hukatika kwa sehemu ndefu. Beba fedha taslimu za noti ndogondogo pamoja na salio kwenye simu, kwa kuwa njiani kuna mageti ya ushuru wa utalii; kila unapolipa dai risiti na uihifadhi, maana geti linalofuata linaweza kukuuliza.

Wenyeji na zawadi

Piga simu siku tatu kabla, na tena siku ya kuamkia safari. Mara ya kwanza unaomba kuja. Mara ya pili unasema mko wangapi na mtafika saa ngapi. Idadi ni jambo la muhimu kuliko mgeni anavyodhani, kwa sababu mwenyeji wa nchi kame huhesabu maji kabla ya kuhesabu chakula. Katika simu hiyohiyo sema wazi kuhusu mbuzi. Kwa Wamasai, mgeni anayeheshimiwa huweza kuchinjiwa, na kuchinja, kuchuna na kuchoma nyama huchukua saa tatu au zaidi. Ukikubali, panga siku yako ukijua hivyo. Usipokuwa na muda, omba kwa adabu kwamba safari hii mnywe chai tu, na utaje sababu inayoeleweka. Kukataa wakati mbuzi amekwisha kufungwa ni aibu kwa pande zote mbili.

Zawadi za bomani zinajulikana: sukari, majani ya chai, mchele, chumvi, sabuni, na ugoro kwa mzee anayeutumia. Mimi huongeza vitu viwili. Cha kwanza ni ndizi mbichi za mshare na maparachichi magumu kutoka Moshi, kwa sababu matunda katika nchi ile ni anasa, nayo yakiwa mabichi huhimili joto. Cha pili ni picha. Safari iliyopita uliwapiga watu picha kwa simu yako. Nenda ukazisafishe studio, uziweke kwenye bahasha, uwapelekee. Nimeona bibi mmoja akiishika picha ya mjukuu wake kwa ncha za vidole, akiigeuza upande wa nyuma kutazama kama kuna kitu kingine, akaifunga ndani ya kipande cha kanga na kuipeleka ndani ya nyumba. Kilo tano za sukari tulizokuja nazo zilibaki mlangoni kwa muda mrefu kabla ya mtu kuzikumbuka. Peremende za kugawia watoto barabarani usibebe. Zinawafundisha kukimbilia magari.

Jioni ya kutangulia

Ondoka Arusha saa nane mchana. Barabara ya Dodoma inapita Kisongo na Meserani hadi Makuyuni, ambako unakata kulia kuelekea Mto wa Mbu. Ni lami tupu, kilomita zipatazo 115, na hatari yake kubwa ni haraka: kila kijiji kina ukomo wa kilomita 50 kwa saa, na trafiki wenye tochi wanajua mahali ambapo mguu wa dereva husahau. Baada ya Makuyuni tazama pembeni, kwa kuwa punda milia na twiga huonekana kutoka barabarani bila malipo yoyote.

Lala Mto wa Mbu. Ni mji mdogo wa watu wa makabila mengi sana, uliokua kwa kilimo cha umwagiliaji, na soko lake lina ndizi nyekundu ambazo mtu wa Moshi atazinunua huku akidai kwamba za kwao ni bora. Kula mapema, jaza mafuta, pima upepo wa matairi, na ulale ndani ya chandarua. Mji haukupewa jina hilo kwa utani.

Alfajiri: Engaruka

Toka saa kumi na moja na nusu. Unauacha upande wako wa kushoto ukuta wa Bonde la Ufa na kuelekea kaskazini kupitia Selela hadi Engaruka, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili. Usitoke mapema zaidi ya hapo, kwa sababu gizani punda na ng'ombe hulala barabarani, wakifuata joto lililobaki ardhini. Jua litakapochomoza, litaupiga ukuta wote wa bonde kuanzia juu hadi chini, na hiyo ndiyo picha bora kabisa ya asubuhi. Simamisha gari dakika kumi.

Engaruka ya kuonwa ni magofu yaliyo chini ya ukuta huo. Watu walilima hapa kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi, wakakusanya maji ya mito inayoshuka kutoka nyanda za juu, wakayapitisha katika mifereji iliyojengwa kwa mawe hadi kwenye mashamba yaliyoenea kwenye eneo la kilomita za mraba 20 hivi. Mwanaakiolojia Louis Leakey alipima magofu haya mwaka 1935, na wengine wengi wamefuata. Kisha wakazi wakaondoka. Kupungua kwa maji ni mojawapo ya sababu zinazotajwa, na wataalamu kadhaa wanaona uhusiano kati yao na Wasonjo, ambao hadi leo wanamwagilia mashamba katika wilaya ya Ngorongoro.

Mgeni asiye na maelezo ataona mawe tu. Kwa hiyo chukua mwongoza wageni wa kijijini, kisha umwombe akuonyeshe mambo matatu: mfereji mmoja kuanzia mahali unapopokea maji, shamba moja lililozungushiwa mstari wa mawe, na sakafu moja ya nyumba iliyokatwa kwenye mteremko. Ukivifuata kwa mpangilio huo, mawe yanaanza kusomeka. Sisi tuliokulia kwenye mifongo ya Uchagani, yaani mifereji ya kumwagilia mashamba, tunafaidi zaidi hapa. Piga goti ukingoni mwa mfereji, weka jicho usawa wa mawe, na utaona mteremko mdogo sana, wa kiasi ambacho maji hutembea bila kukimbia na bila kuchimba udongo. Babu zetu walipima mteremko huo kwa kuyatazama maji yenyewe, na bila shaka watu wa Engaruka walifanya vivyo hivyo.

Saa tatu na nusu uwe umerudi garini.

Saa nne hadi saa tisa: bomani

Kuanzia hapa kuelekea Engaresero, boma za Wamasai ziko pande zote mbili za barabara, na hapa ndipo unapokata kuingia kwa rafiki yako. Usilipeleke gari hadi mlangoni. Liegeshe nje ya uzio wa miiba, shuka, simama karibu na lango na usubiri mtu atoke. Dakika hizo mbili za kusimama ndizo kubisha hodi kwenyewe.

Wazee wa pande hizi hupokea shikamoo bila tatizo, lakini salamu ya Kimaa hufungua mlango zaidi. Mwanamume husalimiwa "Sopai" na huitikia "Epa". Mwanamke husalimiwa "Takwenya" na huitikia "Iko". Watoto watakuja na kuinamisha vichwa mbele yako. Hawajapoteza kitu chini, wanakuamkia, nawe unatakiwa kuweka kiganja utosini kwa mtoto, mmoja baada ya mwingine, bila kumruka yeyote. Mama mwenye boma mwite Yeyo, kama unavyomwita mama. Zawadi mkabidhi yeye, kwa kuwa nyumba ya Kimasai ni ya mwanamke, ambaye ameijenga kwa mikono yake, na sukari inakaa kwake. Ugoro mpe mzee mwenyewe.

Mambo mawili hayaulizwi. Usiulize mzee ana ng'ombe wangapi wala ana watoto wangapi, kwa sababu kuhesabu viumbe hai kwa sauti hudhaniwa kuleta mkosi. Uliza kama mvua ilinyesha, majani yakoje, na ng'ombe wanakunywa wapi. Kwa maswali hayo utaelezwa mengi kuliko idadi.

Utaletewa maziwa, na hapa wageni wengi wa mjini hukwama. Maziwa hutunzwa ndani ya kibuyu ambacho husafishwa kwa kijiti chenye kaa la moto, mara nyingi cha oloirieni, yaani mzeituni mwitu. Mama hukichoma kijiti, hukiingiza ndani ya kibuyu na kusugua pande zote, hukung'uta majivu, kisha hupiga mdomo wa kibuyu kwa kiganja mara mbili tatu. Moshi huo huua vijidudu na kuyafanya maziwa yadumu. Kwa hiyo kikombe chako kitakuwa na harufu ya moshi na chembe nyeusi zinazoelea juu, kama pilipili manga. Hizo si uchafu. Kunywa polepole. Kama tumbo lako halipatani na maziwa mabichi, sema kabla hayajamiminwa, na uombe chai, ambayo maziwa yake yamechemshwa, hakuna atakayechukia.

Baada ya chai hakuna ratiba, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kaa. Mtu wa mjini baada ya nusu saa huanza kuzungusha macho akitafuta jambo la kufanya, huomba kuonyeshwa zizi, huomba kupigwa picha amevaa shuka. Nawasihi wageni wangu waiache simu garini kwa saa ya kwanza. Mazungumzo ya kivulini huenda kwa vipande: habari ya ndama aliyepotea, habari ya kijana aliyekwenda Arusha kulinda geti la nyumba ya mtu, kimya, habari ya mvua. Ikiwa unao usingizi, lala, mkeka utaletwa. Picha zipigwe kwa ruhusa, mwishoni, na kama wapo watu wasiokuwa rafiki zako, ruhusa iombwe kwa kila mmoja.

Kuondoka pia kuna utaratibu. Saa nane mwambie mwenyeji kwamba mnafikiria kuaga. Saa tisa kasoro mtaaga kweli. Utasindikizwa hadi garini, na mara nyingine utapewa kitu, nacho kinaweza kuwa mbuzi aliye hai. Sina ushauri mzuri kuhusu mbuzi huyo isipokuwa kwamba hakataliwi. Unaweza kuomba abaki akikuzalia hapohapo bomani, na mzee ataona kwamba umejibu kwa akili.

Njia ya mchanga

Kati ya hapo na Engaresero kuna sehemu za majivu ya volkano na mchanga wa makorongo. Kabla ya kuingia, shusha upepo wa matairi, kwa gari kubwa kutoka 35 hivi hadi 22 kwa kipimo cha PSI, ili tairi lipanuke na kukanyaga eneo kubwa zaidi. Ingiza mvuto wa magurudumu manne ukiwa bado mahali pagumu, shika mwendo usiobadilika, na usisimame katikati. Gari likianza kuzama, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Kila mzunguko wa tairi baada ya hapo unachimba kaburi. Shukeni wote, fukueni mchanga mbele ya magurudumu yote manne na chini ya tumbo la gari, tandikeni mawe bapa na matawi makavu yaliyoanguka, kisha jaribuni kurudi nyuma kwa nyayo zenu kabla ya kujaribu kwenda mbele. Njia ya nyuma gari limekwisha kuikandamiza.

Muda wote huo Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu, utakuwa mbele yenu. Una urefu wa mita zipatazo 2,960, na ndio volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya aina ya magadi, ambayo joto lake, nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, ni karibu nusu ya lava ya kawaida. Lava hiyo hutoka nyeusi, kisha ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Ndiyo maana kileleni huonekana kama pana theluji, na wageni wa mara ya kwanza huuliza kama ni Kilimanjaro. Ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Kuupanda si kazi ya siku hii, kwa kuwa wapandaji huanza usiku wa manane wakikwepa jua.

Alasiri: nyayo na ziwa

Ukifika Engaresero saa kumi na moja kasoro, anza na nyayo, halafu ziwa. Karibu na ufuo wa kusini kuna tabaka la tope la majivu lililogeuka mwamba, na juu yake zimo nyayo za binadamu zaidi ya 400. Umri wake, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uko kati ya miaka 5,760 na miaka 19,100. Wengi huzichanganya na zile za Laetoli, ambazo ni za zaidi ya miaka milioni 3.6 na ziko upande wa Ngorongoro. Hizi za hapa ni za watu kama sisi. Watafiti walilichunguza kundi moja la watu 17 waliokuwa wakitembea pamoja, wakakadiria kwamba 14 walikuwa wanawake watu wazima, wawili wanaume, na mmoja kijana wa kiume. Ninapozitazama huwa nawakumbuka akina mama waendao kukata majani ya ng'ombe asubuhi Kibosho, ambao huwezi kuwakuta chini ya watano. Sababu ya kuja saa hizi ni mwanga: jua la juu hufuta nyayo zisionekane, lakini jua la pembeni hujaza kila unyayo kivuli, na vidole vinaonekana kimoja kimoja. Usikanyage, hata bila viatu.

Kisha ziwa. Kina chake hakifiki mita tatu, na maji yake yana magadi makali, yaleyale ambayo mama zetu hununua sokoni kwa ajili ya kuivisha maharage. Flamingo wadogo, ambao vitabu vyetu huwaita heroe, huzaliana hapa kuliko mahali pengine popote; takribani robo tatu ya flamingo wadogo wote duniani wanakadiriwa kuzaliwa katika ziwa hili. Hula viumbe vidogo sana vya kijani vinavyoota katika maji ya magadi, na rangi yao ya waridi hutokana na chakula hicho. Hujenga viota vya tope katikati ya ziwa, ambako fisi na mbweha hawafiki kwa sababu magadi yanaunguza. Uvumi wa mitandaoni kwamba ziwa hugeuza viumbe kuwa mawe upuuzeni. Mizoga hukaushwa na chumvi, kama samaki anavyokaushwa.

Gari liacheni penye ardhi ngumu na mtembee, mkimfuata mwenyeji anayejua njia. Ganda jeupe la ufuoni huonekana kama sakafu, lakini chini yake kuna tope jeusi lenye harufu ya yai viza, na gari likizama humo si la kutolewa kwa beleshi. Vaeni viatu vya kufunika mguu. Mkibaki mbali kidogo na ndege, wataendelea kula, vichwa vimepinduliwa majini. Mkiwasogelea wataruka wote, mtapata picha ya sekunde kumi, na jioni itakuwa imekwisha. Jua huzama nyuma ya ukuta wa bonde mapema kuliko mnavyotarajia, kwa hiyo geuzeni njia kabla ya saa kumi na mbili na nusu.

Usiku na kurudi

Kambi zipo Engaresero za bei mbalimbali. Mimi hulala kwa rafiki yangu mwalimu, na ziara ya mwalimu ni tofauti kabisa na ile ya bomani: yeye ni mtu wa kuja kama wewe, amekaa miaka mingi mbali na kwao, na anachokihitaji ni mboga za majani, nyanya, dawa ya mbu, chaki kama shule imeishiwa, na mtu wa kuzungumza naye hadi usiku. Mletee gunia dogo la kabichi na karoti kutoka Arusha, uoshe vyombo kabla hajakuzuia, na usitumie zaidi ya ndoo moja ya maji kuoga.

Asubuhi, kabla ya saa mbili, tembeeni kwenye korongo la mto Engaresero hadi kwenye maporomoko, mwendo wa chini ya saa moja mkiupitapita mto kwa miguu. Viatu vilowe, mawe yanateleza. Baada ya hapo shikeni njia ileile mliyokuja nayo. Ipo nyingine ya kupitia Gelai na Kitumbeine hadi Longido, lakini ni ya upweke, na kwa safari ya kwanza siishauri bila gari la pili.

Mkifika kwenye lami, jazeni upepo wa matairi urudi ulivyokuwa, kwa sababu tairi laini kwenye mwendo wa lami hupata moto na kupasuka. Siku inayofuata gari lioshwe chini, hasa palipopata tope la ziwa, maana magadi hula chuma. Lakini kabla ya yote hayo, mkiwa bado mmeketi garini mbele ya nyumba, watumieni ujumbe mzee wa boma na mwalimu kwamba mmefika. Mzee hupanda kichuguu kilicho nyuma ya zizi kutafuta mtandao, na hatashuka hadi ujumbe huo uingie.